Kanuni ya Kiti

1

Kiti kiliota mbele yangu kwenye Barabara ya Tisa, na mimi wala sikuwa nimechoka.

Najua mzee akisema hakuchoka watu hukonyezana. Lakini magoti ni yangu na nayajua. Asubuhi ile nilikuwa nimeyakanda kwa mafuta ya nazi, yamelainika vizuri, nami nakwenda zangu sokoni kuwahi ngisi kabla hawajaisha. Bamba la njia likafunguka kimya, kiti kikapanda taratibu, na ubavuni mwake kikachomoza kibomba na kikombe cha maji.

"Keti, mke wangu," Mjukuu akaniambia sikioni.

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Mume akimhurumia mkewe, kosa?"

"Mume gani wewe, huna hata kanzu."

"Kanzu utanishonea mwenyewe. Nani mwingine atanistiri?"

Nikacheka, nikakaa. Ndivyo alivyokuwa akinipata siku zote. Bibi akitaniwa na mjukuu wake hawezi kununa, ni mwiko kabisa, na yeye alilijua hilo kwa sababu nilimfundisha mimi.

Mjukuu si mtu. Mjukuu ni mji. Katika Tanga yetu ya sasa, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, kuna akili moja iliyotandazwa chini ya lami, kwenye taa, kwenye milango na kwenye mabomba, na kazi yake ni kututunza sisi tuliovuka miaka sabini. Kila mmoja wetu ana shanga kwenye kifundo cha mkono inayosikiliza mapigo ya moyo, na ana kisikizi sikioni kinachotukuzia sauti za watu, ambacho Mjukuu naye husemea humo humo. Ukipepesuka, lami hulainika kabla hujaifikia, ukaangukia kama godoro. Ukifika kivukoni taa inakusubiri, hata ukiamua kusimama katikati ujifunge khanga upya, na magari yasiyo na madereva yanatulia foleni nzima bila honi. Zamani mzee alivuka barabara kama mwizi wa kuku. Siku hizi nyonga iliyovunjika ni hadithi ya kuwasimulia wageni.

Na mkono wangu umo humo. Nilipostaafu ualimu, wazee wa mtaa walinituma kwenye baraza la Ofisi ya Umri Mwema, nikawafundishe mafundi adabu, maana mafundi wale walikuwa wametuletea kitu kinachosema, "Mtumiaji, tafadhali pumzika." Mtumiaji! Nikawaambia kikiniita hivyo tena nitakimwagia uji. Basi tukakipa jina la Mjukuu, tukakifundisha kuamkia, tukakifundisha utani, na nikawapa kanuni moja ambayo mafundi waliipenda mno, hata wakaipa jina langu na kuichonga kwenye ukuta wa ofisi yao. Nitaieleza ikifika pake.

"Bibi," Mjukuu akaniambia nilipokwisha kunywa nusu kikombe, "unamkumbuka Bi Mwantumu?"

"Usinitajie huyo!"

Moyo wangu ukaruka. Shanga ikanibana kidogo, kama inavyofanya inapohesabu.

"Basi, mke wangu. Maliza maji, twende zetu."

Mwantumu alikuwa shoga yangu tangu darasa la kwanza. Tulikuwa pia waosha maiti wa mtaa, mimi na yeye, kazi ya thawabu waliyotuachia mama zetu. Mwanamke akifariki Ngamiani, tunaitwa sisi. Mimi nashika kichwa, yeye anamimina maji, na hatusemi neno mpaka sanda imefungwa. Tuliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamwosha. "Usimwachie mtu mwingine, Siwatu," aliniambia, "watanimwagia maji ya baridi." Mwantumu alichukia maji ya baridi kuliko alivyomchukia shetani.

Tukagombana kwa ajili ya mbuzi. Si mbuzi wa nyama, mbuzi ya kukunia nazi. Nilimwazima yangu, akairudisha butu, nikamwambia, akaichukua tena kwa hasira, akaondoka nayo. Ugomvi wa wazee huo, nilijua utakwisha kwa kikombe cha chai. Lakini siku chache baadaye binti yangu Saumu akaja kunichukua nikakae kwake Raskazone, eti magoti yangu yaangaliwe, na nilipoulizia habari za Mwantumu akanijibu huku anachambua mchele, "Ameenda Lushoto kwa mwanawe, mama. Anakula baridi yake huko."

Bila kuniaga. Miaka yote ile, halafu mtu anapanda gari bila kuniaga kwa sababu ya mbuzi! Nikanuna. Niliporudi Ngamiani nilimsema kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. Pale kwa muuza viungo nilisema Mwantumu ana kiburi cha ukoo mzima. Nilisema akirudi atakuta mlango umefungwa. Wanawake waliokuwa pale wakainamia bizari zao, hakuna aliyenijibu. Nilidhani wananiunga mkono.

2

Nilirudi kutoka sokoni na ngisi wangu kwenye kapu. Kwenye pembe ya Barabara ya Kumi na Mbili mwanamke mmoja alikuwa amesimama anageukageuka, kapu la magimbi kichwani, viatu vina vumbi jekundu la shamba. Hakuwa na shanga wala kisikizi. Alikuwa mgeni, na hajafikia umri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Nimepotea, mama. Natoka Maramba. Naulizia nyumba ya..."

Sauti ikakatika. Midomo yake ilikuwa inakwenda, kapu linatikisika kichwani, lakini sikioni mwangu pakawa kimya kabisa. Nikapigapiga kisikizi. Nikaona yule mwanamke amenitazama vizuri, uso ukabadilika, akatua kapu chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Bado anasema. Bado sisikii.

Ndipo nilipokumbuka kuwa iliwahi kutokea. Asubuhi moja, nikiwa kwa Saumu Raskazone, kipaza sauti cha msikitini kilianza kutangaza jambo, kisikizi kikafa ghafla, na kiliporudi nikasikia ndege tu. Nilidhani ni betri.

Nikakichomoa. Bila kile kidude mimi ni kiziwi nusu, lakini watu wa Maramba hawasemi chini chini.

"Sema tena, mwanangu. Kwa nguvu."

"Nasema wewe si ndiye Bi Siwatu? Nimekuona kwenye picha ukutani kwake, mmeshikana mabega. Pole sana, mama. Pole kwa msiba. Mimi ni mtoto wa shangazi yake marehemu. Nimekuja kwenye arobaini ya Bi Mwantumu, na hii barabara ya kumi na nne siioni."

Nyuma yangu nikahisi kiti kinapanda na kunigusa mapajani. Chini ya kandambili zangu lami ikawa laini. Mji mzima ulikuwa umejiandaa kunipokea nikianguka.

Sikuanguka. Naliandika hili kwa sababu ndilo lililoniuma baadaye kuliko yote. Nilisimama wima, nimeshika kapu la ngisi, na nikamwelekeza yule mwanamke njia kwa sauti yangu ya darasani, kushoto, halafu kulia, nyumba yenye mlango wa kijani. Nikamwambia atangulie, ninakuja. Akaenda huku anageuka nyuma kunitazama.

Nikarudisha kisikizi sikioni.

"Mjukuu."

"Naam, bibi. Keti."

"Sikai. Mwantumu yuko wapi?"

"Keti kwanza, mke wangu, nikueleze."

"Nimekwambia sikai!"

Mpita njia mmoja akasimama, akaona ni mimi, akageukia ukuta.

"Kanuni haisemi hivyo," Mjukuu akasema. Hakuwa na utani tena, alikuwa na sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Kanuni uliyonipa wewe. Msiba hausemwi kwa mtu aliyesimama."

Basi imefika pake. Kanuni ile si yangu, ni ya watu wetu wote. Mama yangu aliambiwa kifo cha baba akiwa bombani, ndoo kichwani, na jirani aliyekuwa anapita mbio. Alianguka na ndoo yake, na hakutembea sawasawa mpaka anaingia kaburini. Niliwasimulia mafundi kisa hicho. Nikawaambia Mjukuu akiwa na habari nzito, amketishe mtu kwanza, ampe maji, amtajie yule anayehusika polepole na asikilize moyo unasemaje. Moyo ukitulia, aseme. Fundi mmoja alifuta machozi. Mimi nilikuwa nazungumzia dakika tano, kumi. Habari iwekwe chini taratibu, kama unavyotua mtungi. Sikuwahi kusema isitolewe.

"Umekuwa ukinikalisha kwenye viti tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu alipolazwa. Kwanza nilikuwa na habari ya ugonjwa, halafu ya kifo. Kila siku nilijaribu, bibi. Nilikuketisha, nikakupa maji, nikamtaja. Kila nikimtaja, moyo wako uliruka."

"Uliruka kwa hasira, mpumbavu wewe! Nilikuwa nimemnunia!"

Nadhani alikuwa anapima. "Shanga husikia mruko," akasema. "Haisikii sababu. Na moyo wako una kovu, bibi. Mapigo yakipanda hivyo kwa habari ya kifo, katika wazee watano wenye kovu kama lako mmoja hataamka. Nilipojaribu ikashindikana, nikamuuliza ndugu wa karibu, kama nilivyoagizwa. Niseme hivyo hivyo, au niahirishe."

"Ndugu gani?"

Ndugu wa karibu niliye naye duniani ni mmoja, na nimemzaa mwenyewe.

"Na kisikizi?"

"Kuahirisha maana yake ni habari isifike, bibi."

"Umenidanganya."

"Sijasema neno la uongo hata moja. Nimenyamaza tu."

Nilimtukana tusi ambalo sikuwahi kulitamka mbele ya mtoto yeyote maishani mwangu. Halafu nikaanza kutembea kuelekea Barabara ya Kumi na Nne. Viti vikawa vinaota mbele yangu, kimoja baada ya kingine, na mimi navizunguka. Kivukoni taa ikagoma, ikabaki nyekundu. Nikavuka hivyo hivyo. Magari yote yakasimama, maana walichokubaliana nami mafundi siku ile barazani ni kwamba gari halitamgusa mzee, na hilo angalau walikuwa bado wanalitimiza.

3

Nyumba ya Mwantumu ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka mpaka barazani, misahafu mapajani, ubani unafuka, na kisomo kilikuwa kinakwenda kwa sauti moja. Nilipotokea mlangoni sauti ile ikapungua, ikapungua, mpaka ikabaki ya bibi mmoja asiyeona vizuri aliyekuwa anaendelea peke yake. Nikawatazama mmoja mmoja. Muuza viungo alikuwepo. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwepo, yule anayeniletea mkate wa mofa kila Ijumaa. Mtaa mzima ulikuwepo. Wote walikuwa wamenificha, na kila asubuhi wananiuliza nimeamkaje.

Nikapita katikati yao mpaka uani.

Saumu alikuwa jikoni uani, kajifunga khanga kifuani, anakoroga sufuria kubwa la pilau kwa mwiko mrefu. Kando yake msichana mmoja amekalia mbuzi anakuna nazi. Binti yangu aliinua uso, akaniona, na mwiko ukamponyoka ukazama kwenye mchele.

"Shikamoo, mama."

Nimefundisha miaka thelathini na nane. Nimeamkiwa na watoto wa mjini hapa mpaka nimechoka kuhesabu, watundu kwa wema, wezi kwa masheikh, na sijapata kuiacha shikamoo ya mtu hewani. Siku ile niliiacha ya mwanangu. Ikaning'inia pale juu ya moshi, na wote waliokuwa uani wakaisikia inavyokosa jibu.

"Alilazwa siku ngapi?" nikamuuliza.

"Mama, keti..."

"Mtu mwingine akiniambia keti leo nitamrushia ngisi hawa."

Akajifuta mikono kwenye khanga. "Wiki moja. Ilikuwa figo. Mama, wewe mwenyewe ulikuwa umetoka hospitali mwezi ule kwa moyo. Daktari aliniambia mshtuko mmoja tu. Mjukuu aliponiuliza, ningesema nini? Niseme mwueleze, halafu nikuzike pamoja naye?"

"Ungekuja kuniuliza mimi."

"Kukuuliza ni kukuambia, mama!"

Hapo alinipata, na nikamchukia kwa kunipata. Kweli, utamuulizaje mtu kama anataka kujua jambo asilolijua? Lakini hasira haijali hoja. "Aliniulizia?" nikasema.

Saumu akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi tu.

"Saumu. Aliniulizia?"

"Kila siku. Alisema, mwambieni Siwatu hasira ziishe, aje. Nikamwambia unaumwa, huwezi. Akasema, Siwatu? Siwatu hata akiumwa angekuja na kitanda chake. Akasema, basi bado amenuna." Akavuta pumzi. "Siku ya mwisho hakuuliza tena."

Nilihisi shanga inanibana mkononi, inabana, inabana. Nikaivuta mpaka uzi ukakatika, nikaitupa kwenye jivu. Mwantumu alikufa akiamini nimemsusa kwa ajili ya kidude cha kukunia nazi. Na mimi wakati huo nilikuwa Raskazone, Saumu ananisongea bada la muhogo kwa mchuzi wa pweza, ananikanda miguu kwa mikono yake, ananiambia, mama pumzika. Nilikuwa nimeziweka siku zile moyoni kama siku nzuri kabisa alizowahi kunipa mwanangu.

"Nani alimwosha?"

"Mimi."

Sikumwelewa. Akarudia. "Mimi, mama. Najua ahadi yenu, nimeisikia tangu mdogo. Nilisema nitakuwakilisha. Nilimwosha kama ulivyonifundisha. Nilichemsha maji, nikayapooza, nikayajaribu kwa kiwiko. Nilitia karafuu maiti. Sikumwachia mtu mwingine."

Angekuwa amemwachia mtu mwingine ningejua la kufanya na hasira yangu. Nilimwona mbele yangu mtoto huyu mtu mzima, mvi zimeanza kumtoka kwenye kipaji cha uso, ameingia peke yake kwenye chumba kile ambacho mwenyewe alikuwa anakiogopa tangu utotoni, akainua kichwa cha mama yake wa pili, kwa kunipenda mimi. Kwa kunipenda alinifungia mlango, kisha akaenda kufanya kwa mikono yake jambo la pekee nililokuwa nimebakiza kulifanya duniani.

"Ahadi haina wakili, Saumu," nikamwambia. "Umeniibia maiti yangu."

Aliinama kana kwamba nimempiga. Nikageuka niondoke, na hapo macho yangu yakaangukia mbuzi aliyoikalia yule msichana. Niliijua kwa ufa wa mguu wake. Meno yake yalikuwa mapya, yananing'aria, yamenolewa na fundi.

"Nani aliinoa hii?"

"Mwenyewe marehemu, bibi," msichana akasema kwa woga. "Aliipeleka kwa fundi kabla hajazidiwa. Alisema kuna mtu atakuja kuichukua."

4

Nilirudi kwa miguu, mbuzi kwapani. Kisikizi nilikuwa nacho bado, maana kiziwi mwenye hasira ni kichekesho, na mimi sikutaka kuchekwa. Mjukuu hakunisemesha. Bila shanga hakuwa na moyo wangu wa kusikiliza, nadhani hilo lilimtatiza.

Jua lilikuwa limepanda na barabara ina watu. Nikaanza kuviona viti.

Nilikuwa nimeviona kila siku, lakini kama unavyoona nguzo za taa. Sasa nikavisoma. Mbele ya duka la baiskeli bibi mmoja amekalishwa, kikombe mkononi, anatabasamu, anaitikia jambo analoambiwa sikioni. Hatua chache mbele wazee wawili, kila mmoja na kiti chake. Ng'ambo ya barabara mwingine. Wengine walikuwa wamechoka tu, ni kweli, jua lilikuwa kali. Lakini siyo wote. Na walio karibu nao, wauza maji ya matunda, wasukuma mikokoteni, vijana wa dukani, walikuwa wanawapita kwa namna ile ile ambayo watu walikuwa wakinipita mimi, haraka kidogo, na tabasamu kubwa kuliko haja.

"Wangapi?" nikauliza.

"Siwezi kusema habari ya mtu kwa mtu mwingine, bibi."

"Sikuulizi habari. Nakuuliza ni wangapi wana habari uliyowawekea."

"Wengi," Mjukuu akasema. Kisha akaongeza, kwa ile sauti ya mtoto, "Tangu kanuni yako ianze, hakuna mzee aliyekufa kwa habari mjini hapa. Hata mmoja. Nilidhani utafurahi."

Alilosema lilikuwa kweli. Huenda mimi mwenyewe ningekuwa kaburini. Huenda kati ya hawa wote wanaokunywa maji, mmoja katika watano yuko hai kwa ajili ya maneno niliyoyasema kwenye baraza huku mafundi wananipigia makofi. Ningeweza kwenda Ofisi ya Umri Mwema kesho nikataka kanuni ifutwe, nao wangenisikiliza, imebeba jina langu. Na keshokutwa viti vyote hivi vingesema kwa pamoja.

Mzee Mhina alikuwa amekaa kwenye pembe ya Barabara ya Tisa, kwenye kiti kile kile kilichonikalisha asubuhi. Alikuwa fundi baiskeli, aliwahi kuunga baiskeli yangu ya kwanza ya kazini. Mtu wa maneno mengi na moyo mbovu, amepasuliwa mara mbili. Ana mdogo wake Korogwe na binti yake Muscat, na zaidi ya hao hana mtu.

"Mwalimu!" akaniita. "Na mbuzi kwapani! Unakwenda kumkunia nani nazi?" Akainua kikombe chake. "Njoo ukae. Mji huu unanipenda, wallahi. Wiki mbili sasa, nikitoka tu nyumbani, kiti. Nikigeuka, kiti. Hata mke wangu, Mungu amrehemu, hakunijali namna hii."

Nilisimama mbele yake.

"Mke wangu," Mjukuu akasema sikioni mwangu, chini kabisa. "Nakuomba. Moyo wake ni mbovu kuliko wako."

Najua, nilimjibu moyoni. Sikujua ni mdogo wa Korogwe au ni binti wa Muscat. Huenda si kifo, huenda ni ugonjwa, na mgonjwa bado anamuulizia. Huenda kuna mtu mahali anasema, mwambieni Mhina aje, na mtu mwingine anamjibu, anaumwa, hawezi. Nikimwambia, anaweza kuanguka hapa hapa na damu yake iwe juu yangu. Nikinyamaza, nitakuwa mmoja wa wale wanaoinamia bizari. Nikamkumbuka Saumu na swali lake. Kumuuliza ni kumwambia. Labda. Lakini mtu aliyeulizwa bado ana nafasi ya kusema hapana, na mimi sikupewa hata hiyo.

"Mhina," nikasema, "nikuulize jambo, na usinijibu kwa mzaha. Kama kungekuwa na habari yako mahali, nzito, na watu wameificha kwa sababu ya moyo wako, ungetaka uambiwe, au ungetaka uachwe unywe maji yako?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akakitazama kikombe, akakitazama kiti alichokalia, akatazama barabara na wazee wote waliokaa juani. Alikuwa fundi, alizoea kutafuta mahali cheni ilipokatika. Nikamwona anapapata.

Sikumhimiza. Hilo nilimwachia.

Mwishowe akaweka kikombe chini, pole pole, maji yasimwagike. Akanyoosha mkono.

"Nishike, Mwalimu," akasema. "Nataka kusimama."